Mpige Matope

Katuni ile iliingia nyumbani kwa Aron kupitia simu ya mkewe, msimu ule ambao mvua iliharibu mipango ya kila mtu huku Kiptere. Siku za jua, Rebeccah alikuwa akienda na binti yao Chemutai shambani, anamtandikia gunia katikati ya mistari ya majani chai, mtoto anacheza na kikapu kitupu huku mama akichuma. Lakini mvua ya Aprili ilimletea Chemutai kikohozi kisichoisha, ikabidi kila akitoka chekechea aachwe nyumbani na nyanya yake, Kogo Sally. Kogo alikuwa na magoti mabovu, hangeweza kumkimbiza mtoto wa miaka mitano. Basi Rebeccah akawaachia simu.

"Itamtuliza," alisema.

Ilimtuliza kweli. Aron alirudi kutoka kituo cha kupimia majani chai, shati limemganda mgongoni kwa maji, akamkuta binti yake amekaa kwenye kiti kama mgonjwa anayesubiri daktari. Uji ulikuwa umepoa pembeni, nzi wawili wanazunguka ukingo wa kikombe. Alimwita jina mara tatu. Mtoto hakugeuka.

Katuni yenyewe iliitwa Tabi. Tabi alikuwa tableti ya rangi ya pinki, mwenye macho makubwa, kope ndefu na viatu vinavyong'aa. Aliishi katika nyumba yenye zulia na ngazi, na watoto waliomzunguka walikuwa wasafi kama waliotolewa kwenye karatasi ya dukani saa hiyo hiyo. Mmoja aking'oka jino, Tabi alifungua kioo chake na kumwimbia. Mwingine akiboeka kwa sababu ya mvua, Tabi alimwonyesha bahari. Hakukuwa na shida ambayo Tabi hakuimaliza. Hapo Aron hakuona ubaya mkubwa. Alivua gambuti zake mlangoni, akaenda kukamua.

Ubaya alianza kuuona mezani. Kogo alimmiminia mjukuu wake mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa aliyoyagandisha mwenyewe, na Chemutai akasukuma kikombe.

"Hiyo ni ya Matope," alisema.

"Matope ni nani?" Aron aliuliza.

Mtoto alicheka tu, akajifuta mikono kwenye gauni kana kwamba kikombe kilikuwa na uchafu. Kogo alirudisha kibuyu mahali pake. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuna mtu aliyewahi kukataa maziwa yake.

Wiki hiyo hiyo Aron alipitia shuleni kumchukua Chemutai. Alikuwa ametoka kuosha boma la ng'ombe, gambuti zimejaa samadi hadi kwenye kifundo, na sweta lake lilikuwa lile la kazi. Watoto wa chekechea walikuwa wamepanga mstari langoni. Chemutai alimwona, akarudi nyuma, akajificha kwenye sketi ya mwalimu.

"Chemutai, baba amekuja," alisema Mwalimu Bilhah.

"Huyo si baba yangu."

Watoto wengine walianza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Matope! Matope!" na mstari wote ukapokea, vijisauti vyembamba, vimefurahi. Mwalimu aliwanyamazisha. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, lakini safari hii ilibidi arudie mara mbili.

Alimvuta Aron kando. "Baba Chemutai, usimchape. Hawa wote wamekuwa hivyo. Kuna katuni wanaangalia. Wanaicheza hapa kila siku, mmoja anafanywa Matope, wengine wanamkimbiza wakimrushia vitu. Nimewakataza. Sasa wanaichezea nyuma ya choo."

"Na Matope ni nani siku nyingi?"

Bilhah alisita. "Ni Maxine. Wa Okello. Kwao hakuna simu ya kuonyesha picha, kwa hivyo wanasema yeye ndiye anafaa."

Aron aliwajua vizuri. Okello alikuwa jirani yake wa chini barabarani, mtu wa kutoka upande wa ziwani, aliyechuma chai miaka kumi na minne katika shamba kubwa la kampuni moja mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na watu wakaambiwa waende nyumbani. Yeye hakuwa na nyumbani pengine pa kwenda. Alipanga chumba kimoja na binti yake, akapasua kuni za watu, akakata nyasi, na siku nyingine Aron alimwita amsaidie kukamua. Mkewe alikuwa amefariki. Aron aliyajua hayo yote, na hata siku moja hakuwa amejiuliza Maxine anapitia nini shuleni.

Jumapili baada ya kanisa alichukua ile simu, akakaa nyuma ya nyumba kwenye stuli ya kukamulia, akaitazama katuni mwenyewe. Alitazama kipindi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alifika cha kumi na moja.

Matope alikuwa mtoto asiye na Tabi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake yote. Alivaa gambuti kubwa kuliko miguu, sweta lililotoboka kwenye viwiko, na kamasi ya kijani iliyopanda na kushuka kila alipopumua. Alivuta ng'ombe mwembamba kwa kamba. Alipofungua mdomo kuongea, Aron aliongeza sauti asikie vizuri. Matope hakusema baba, alisema "papa." Hakusema gari, alisema "kari." Mtu fulani mahali fulani, katika chumba chenye maiki nzuri, alikuwa amekaa akaigiza jinsi Kogo Sally anavyoongea Kiswahili, akalipwa, na kila neno liliwekewa kicheko cha watoto nyuma yake.

Kila kipindi Matope aliomba kucheza na wenzake. Kila kipindi alianguka kwenye dimbwi. Kisha watoto wasafi walimzunguka Tabi, muziki ukatulia, na Tabi akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo chote. Akashusha sauti, kama mtu anayempa mwenzake siri.

"Je, wewe una Tabi wako? Kama huna, mwambie mama. Mwambie baba. Wakisema hapana, waambie tena. Usichoke!"

Aron aliishika simu mbali na mwili wake. Alijisikia kama amefungua mlango wa chumba cha mtoto akakuta mtu mzima asiyemjua amechuchumaa pale, mdomo kwenye sikio la binti yake, na ameketi hapo miezi miwili. Tabi mwenyewe, yule wa kununuliwa, alikuwa madukani Kericho mjini. Bei yake ilikuwa bei ya ndama. Aliifuta ile katuni kwenye simu, akanawa mikono.

Rebeccah hakufurahi. "Umefuta, sawa. Kesho nikienda kuchuma, wewe ndiye utakaa na yeye?"

"Umeiona hiyo kitu, lakini? Inamtukana mama yangu."

"Mimi sijaiona, Aron. Mimi niko kwa majani kutoka asubuhi. Najua tu mtoto hanyeshewi na hachomwi na moto."

Siku mbili baadaye katuni ilikuwa imerudi. Na sasa Chemutai alikuwa amejifunza kusema tena bila kuchoka. Alisema akiamka, akasema akioga. Alilala chini mbele ya duka la Masese pale sokoni akasema huku akipiga visigino kwenye simiti. "Kama mnanipenda mtaninunulia." Maneno hayo hayakuwa yake. Aron aliyatambua, alikuwa ameyasikia katika kipindi cha saba.

Kisha zikabandikwa karatasi ukutani kote sokoni. Tabi anakuja Kiptere! Jumamosi, uwanjani, hakuna kiingilio.

"Nitampeleka," alisema Rebeccah. "Aone, aridhike, tupumue."

Aron alienda nao, kwa sababu kubaki kulimshinda. Jua lilikuwa limetoka, na nusu ya mji ilikuwa pale. Lori lilikuwa limefunguliwa ubavu likawa jukwaa, spika zimepangwa kama matofali. Juu yake alisimama msichana mmoja aliyevaa ovaroli nyeupe, maiki imebandikwa shavuni, na kando yake alirukaruka Tabi, mtu ndani ya sanduku la sponji la pinki. Kuna watoto waliolia kwa furaha walipomwona. Chemutai alitetemeka mwili mzima kwenye mabega ya babake.

"Nani anampenda Tabi?" msichana aliuliza.

Uwanja ukaitika.

"Nani ana Tabi nyumbani? Inua mkono!" Mikono minne, mitano. Hao wakapewa baluni. "Na nani hana?"

Mikono mia ikapanda. Spika zikatoa mlio wa kusikitisha, mrefu, kama wa punda, na msichana akaukunja uso wake kwa huruma. "Aiii, poleni jamani! Geuka nyuma umwangalie mama. Umwangalie baba. Muulize, kwani hunipendi?"

Mia nzima waligeuka. Wazazi walicheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa bila nauli. Aron aliona baba mmoja, dereva wa trekta, akiangalia viatu vyake.

"Sasa ni ule mchezo mnaoujua! Mpige nani?"

"Matope!"

Vijana wawili walileta mabeseni yaliyojaa udongo mwekundu uliofinyangwa kuwa mipira. Mtoto atakayempiga Matope puani, jina lake litaingia kwenye bahati nasibu ya kushinda Tabi. Na Matope akatoka nyuma ya pazia, gambuti, sweta lililotoboka, kichwa kikubwa cha plastiki chenye kamasi ya kijani, anavuta ng'ombe wa mbao mwenye magurudumu. Alijikwaa kama alivyofunzwa. Uwanja ulipiga kelele ambayo Aron hakuwahi kuisikia kutoka kwa watoto.

Chemutai aliteremka mabegani, akapenya. Aron alimfuata akimpoteza na kumpata. Mipira ya udongo ilikuwa inaruka tayari, inapasuka kifuani kwa Matope, tumboni, kwenye ile pua. Matope alikuwa anacheza, anainua mguu, anashika makalio, anaanguka na kuinuka. Wale wakubwa wa darasa la tano na la sita hawakupewa udongo, wakaanza kuokota walichokiona chini. Aron alimwona binti yake akipokea mpira wake kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umejikunja, meno nje, macho madogo. Uso wa mtu mzima mbaya kwenye kichwa cha mtoto. Akarusha. Akapiga bega. Akapaza sauti, "Papa! Papa!" kwa ile sauti ya Matope, na wote wakacheka.

Aron akasukuma watoto wawili kando ili amfikie.

Kilichofuata hakikuwa udongo. Kiligonga kile kichwa cha plastiki kwa mlio wa jiwe, na kichwa kikapasuka kuanzia paji hadi jicho. Matope akapiga magoti. Safari hii hakuinuka.

"Ameanguka!" msichana wa maiki alipiga kelele. "Mpige tena!"

Aron hakukumbuka baadaye alivyopanda lori. Alikumbuka tu udongo ukimgonga mgongoni, watoto wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alipiga goti, akashika kile kichwa kwa mikono miwili, akakivua. Ndani yake mlitoka joto na harufu ya jasho na damu, na uso wa Okello. Juu ya jicho la kushoto nyama ilikuwa imefunguka.

"Baba Chemutai," Okello alinong'ona, "nirudishie hicho kichwa. Haraka, tafadhali. Maxine yuko hapo mbele. Nilimwambia nimeenda kazi Sigowet."

Lakini Maxine alikuwa ameshaona. Alisimama mstari wa kwanza kabisa, mahali ambapo siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, wenzake walikuwa wamemruhusu asimame. Mpira wa udongo ulikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa bado juu. Haukushuka. Aliuacha pale hewani kana kwamba si wake, na maji mekundu yakamchuruzika hadi kwenye kwapa.

Muziki ulizimwa. Wale vijana wawili waliwashusha Okello na Aron nyuma ya lori, kwenye kivuli, na msichana wa ovaroli nyeupe akawafuata. Alikiokota kile kichwa kwanza. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hii ilitengenezwa Nairobi," alisema. "Mnajua nitaulizwa mimi?"

"Kuna mtu hapa anatoka damu," Aron alisema.

"Naona, mzee. Pole. Lakini tulikubaliana mpaka saa kumi, na saa hii ni saa nane na nusu."

"Nitarudi," Okello alisema. Alikuwa ameshika kitambaa jichoni, kimelowa. "Nipatie dakika tano tu, dada. Nitarudi nimalize."

Aron alimgeukia. "Urudi wapi, Okello?"

"Waliniambia nikimaliza siku, watanipa moja. Ya Maxine." Alisema polepole, bila kumtazama. "Analia kila jioni, Baba Chemutai. Wanamkimbiza. Nilifikiri akiwa nayo wataacha."

Hapo ndipo Aron alipokosa pa kuweka macho yake. Kila mahali palikuwa na kitu asichotaka kukiona: Tabi wa sponji aliyekuwa ameketi kwenye kreti la soda akivuta sigara kupitia tundu la mdomo, msichana na ufa wake, na mikono yake mwenyewe, iliyombeba binti yake kutoka nyumbani hadi hapa ili aje arushe.

Rebeccah alifika akiwa amemshika Chemutai kifundo cha mkono, Mwalimu Bilhah na wazazi wengine kama kumi nyuma yake. Rebeccah alikuwa ameyasikia maneno ya Okello. Alilitazama jicho lake, akamtazama msichana. Hakupandisha sauti.

"Mpe kitu yake."

"Mama, kuna utaratibu—"

"Mpe kitu yake, ufunge hiyo lori. Hawa watoto ni wetu."

Msichana alitazama watu waliosimama, akahesabu kichwani mwake, akaenda akaleta sanduku la pinki. Lori halikufungwa. Wazazi wengi walichukua watoto wao wakaondoka, lakini wengine walibaki kwa sababu bahati nasibu ilikuwa haijachezeshwa, na Aron alipokuwa akimpandisha Okello kwenye pikipiki kumpeleka zahanati alisikia spika zimewashwa tena na watu wakipiga makofi.

Okello alishonwa nyuzi tano. Jicho halikuharibika. Bilhah alienda kulalamika kwa chifu, akaambiwa wale watu walikuwa na karatasi zote za ruhusa na kwamba mawe yalirushwa na watoto wa hapa hapa, hayakutoka kwa kampuni. Jumamosi iliyofuata lori lilikuwa Ndanai. Walikuwa wamepata Matope mwingine.

Nyumbani, Rebeccah mwenyewe ndiye aliyeifuta katuni, akaketi na Chemutai siku mbili bila kwenda kuchuma. Mtoto alilia mpaka akatapika. Alimng'ata mama yake mkono. Siku ya tatu alilala mchana kutwa, na siku ya nne alimfuata Kogo kuokota mayai, amenuna, macho yamevimba.

Jumapili Aron alimshika mkono akampeleka kwa Okello. Hakumwambia wanaenda kufanya nini, kwa sababu hata yeye hakujua. Walibeba chupa ya maziwa.

Okello alikuwa ameketi kitandani, uso umevimba upande mmoja, ngozi ya jicho nyeusi na nyuzi zimesimama kama miguu ya mdudu. Alifurahi kuwaona. Maxine alikuwa kwenye kona, ameegemea ukuta, ile tableti magotini, sauti imeshushwa chini kabisa.

"Unamwacha aiangalie?" Aron aliuliza.

"Siku mbili hakuigusa. Jana akaichukua." Okello alijaribu kutabasamu, nyuzi zikamzuia. "Mwezi wa kwanza ni bure, halafu inataka kulipiwa. Wacha aangalie. Mimi nilishailipia."

Aron aliiweka chupa ya maziwa chini. Aliitazama ile rangi ya pinki ikimulika shavu la mtoto asiye na mama katika chumba kisicho na dirisha la maana, akatamani kuikanyaga, na akajua hana haki ya kuigusa. Chemutai alikuwa ameshaanza kusogea kuelekea kona, hatua moja moja, jinsi ndama anavyoifuata chumvi. Vichwa viwili vikakutana juu ya kioo. Kwa sauti ndogo Matope akaanguka kwenye dimbwi, na kile kicheko cha kuwekwa kikasikika. Chemutai akafungua mdomo acheke nao. Kisha akamwangalia Okello, akaufunga. Maxine hakuwa amecheka.

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi, mtoto alitembea mbele kidogo, kisha akasimama kumsubiri babake.

"Baba, ni mimi nilimpiga jicho?"

Aron angeweza kusema hapana, na lingekuwa kweli. "Jicho alipigwa na jiwe," alisema. "Wewe ulirusha udongo. Ulimpata hapa." Akagusa bega lake mwenyewe.

Walitembea. Pande zote mbili chai ilikuwa imechipua baada ya mvua, kijani kibichi, inangoja mikono.

"Na akiwa ndani ya kile kichwa," Chemutai aliuliza, "alikuwa anaona?"

"Kulikuwa na matundu mawili."

"Alikuwa anaona nani anarusha?"

"Alikuwa anaona," Aron alisema.

Mtoto akagusa bega lake mwenyewe, pale pale baba alipoonyesha, akaendelea kupanda kilima.